Kioo Cheusi Baada ya Kusasisha: Historia Fupi ya Namna Linux Inavyoamka



Katika jamii zetu za ughaibuni Linux imeingia zaidi kwa mlango wa uani. Mtu amepewa kompyuta kuukuu, Windows imeilemea, kijana wa nyumbani anaiwekea Ubuntu au Debian, nayo inafanya kazi miaka. Kisha siku moja mfumo unasasishwa, mashine inazimwa, na ikiwashwa tena taa zinawaka na feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi chenye mistari miwili mitatu ya Kiingereza. Ushauri wa kwanza atakaopewa mwenyewe ni ule ule: piga fomati, anza upya. Nimeshuhudia picha za harusi na barua za wazee zikifutwa kwa ushauri huo, ilhali hazikuwa zimeguswa na lolote. Mara nyingi mali imo ndani, salama. Kilichopotea ni anwani, na historia ya Linux inaonyesha ni kwa nini.

Kompyuta inapopata umeme haijui kwamba kuna Linux. Kwenye mashine za ukoo wa IBM PC, tangu diski ngumu zilipoingia mwaka 1983, BIOS ilisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na kukabidhi kazi kwa chochote ilichokikuta humo. Katika baiti hizo, 446 ndizo zilizobaki kwa programu ya kuamsha mfumo. Programu iliyobanwa namna hiyo haiwezi kujua mengi. Inachoweza ni kumwita mwenzake aliye mbele, naye amwite wa mbele yake, mpaka kerneli, yaani kiini cha mfumo, ishike usukani. Kila mmoja lazima ajue mwenzake anakaa wapi.

Linus Torvalds alipotoa Linux ya kwanza mwezi Septemba 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, mfumo uliamshwa kwa flopi. Muda si mrefu utaratibu ukawa kwamba namba ya diski yenye mafaili iliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, katika baiti ya 508 na ya 509 za sekta yake ya kwanza. Ukihamisha mafaili kwenda diski nyingine, uliibadilisha namba hiyo kwa amri ya rdev. Ukisahau, mfumo haukuamka.

Mwaka 1992 Werner Almesberger alianza kuandika LILO. Hii ndiyo iliyowafundisha subira watu wa rika langu. LILO haikujua kusoma mafaili. Ilihifadhi orodha ya sekta ambamo kerneli ilikuwa imelala siku ulipoendesha amri ya lilo. Ukiweka kerneli mpya bila kuendesha amri ile, LILO ilikwenda pale pale pa zamani. Kibaya zaidi, pengine iliikuta kerneli ya zamani haijafutika bado, mashine ikaamka vizuri, na mwenyewe akaridhika. Wiki tatu baadaye faili jingine liliandikwa juu ya sekta zile, na asubuhi yake mashine ikagoma. Nani angekumbuka alifanya nini wiki tatu nyuma?

Lakini LILO ilikuwa na uungwana wake. Iliandika jina lake herufi moja moja kadiri ilivyosonga mbele. Ukiona L peke yake, hatua ya kwanza ilianza lakini haikuweza kuipakia ya pili. LI maana yake ya pili ilipakiwa ila haikuanza kazi. LIL maana yake ya pili ilianza, ikashindwa kusoma ramani yake. Katika herufi nne ulipata utambuzi wa ugonjwa ambao mashine nyingi za leo, zenye picha nzuri ya nembo wakati wa kuamka, hazikupi.

Pakawa na fumbo jingine. Kerneli huhitaji draiva ili isome diski, na draiva imehifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo: ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku. Mwaka 1996 Almesberger na Hans Lermen walileta initrd, kifurushi kidogo cha mafaili kinachopakiwa pamoja na kerneli, kikiwa kimebeba draiva za mwanzo. Mrithi wake, initramfs, ndio unaotumika leo. Dawa hii ilikuja na ugonjwa wake. Kila kerneli hudai kifurushi chake, na aghalabu hutengenezwa ndani ya mashine yako wakati wa kusasisha.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kompyuta ya chama kimoja cha kuzikana, yenye daftari lote la michango. Kioo kilisema "Kernel panic" na "Unable to mount root fs". Wazee walikwisha kubaliana ifutwe. Neno "panic" liliwatisha, na si ajabu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lakini kerneli inapougua hulia kwa Kiingereza tu. Kumbe maana yake ni kwamba kerneli imeona hatari ikasimama, isije ikaharibu kitu. Nilichagua kerneli ya zamani kwenye orodha ya GRUB, na mfumo ukaamka. Sehemu ya /boot ilikuwa imejaa kerneli kuukuu, kwa hiyo kifurushi cha kerneli mpya hakikukamilika. Tukafuta za zamani mbili, tukakitengeneza upya kwa update-initramfs, na daftari halikupungua hata mstari mmoja.

GRUB yenyewe aliianzisha Erich Boleyn mwaka 1995. Tofauti yake na LILO ni kwamba inajua kusoma mafaili, hivyo huitafuta kerneli kwa jina badala ya sekta. Hata hivyo majina nayo hubadilika. Fedora 7 ilipotoka mwaka 2007, draiva mpya zilifanya diski za IDE zilizoitwa hda ziitwe sda. Diski ni ile ile, waya ni ule ule, lakini aliyekuwa ameandika hda kwenye /etc/fstab aliambiwa hakuna kitu kama hicho. Ndipo UUID iliposhika nafasi: namba ndefu iliyoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe, isiyojali umechomeka diski tundu gani. Ni mbaya kuitazama, lakini kwa maoni yangu ndiyo hatua ya busara kuliko zote katika historia hii.

Baadaye UEFI ilichukua nafasi ya BIOS, na mwaka 2012 Windows 8 ikaleta Secure Boot. Sasa kujua jirani anakaa wapi hakutoshi, lazima awe na sahihi inayokubalika. Julai 2020 ulitangazwa udhaifu wa GRUB ulioitwa BootHole, na viraka vya haraka vya Red Hat viliziacha baadhi ya mashine haziamki kabisa. Agosti 2024 ikaja zamu ya Microsoft: sasisho la Windows lililokusudiwa kuziruka kompyuta zenye mifumo miwili halikuzitambua baadhi yake, na Linux iliyokaa ubavuni mwa Windows ikakataliwa mlangoni. Waliojua walizima Secure Boot kwenye UEFI, wakaamsha Linux, wakaendesha "mokutil --set-sbat-policy delete", wakawasha upya mara moja, kisha wakairudisha Secure Boot. Mafaili yao yalikuwa pale pale. Marekebisho ya Microsoft yenyewe yalitoka Mei 2025.