Heathers: sinema ya shule iliyokataa kubembeleza

Katikati ya miaka ya 1980, sinema za Marekani kuhusu wanafunzi wa sekondari zilikuwa himaya ya mwongozaji John Hughes. Katika The Breakfast Club yake ya 1985, wanafunzi watano wa makundi yasiyoivana wanafungiwa maktabani siku ya Jumamosi kwa adhabu, na hadi jioni wameshaambiana siri zao. Daniel Waters, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha kanda za video Los Angeles, hakuamini kwamba mambo huisha hivyo. Akaandika Heathers.

Ndoto yake ilikuwa muswada umfikie mwongozaji Stanley Kubrick. Ukaangukia mikononi mwa Michael Lehmann, ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja. Winona Ryder, aliyecheza kama Veronica, alikuwa na miaka 16, na wakala wake alimsihi asiiguse kazi hiyo.

Hofu ya wakala haikuwa bure. Shule ya Westerburg, Ohio, inatawaliwa na wasichana watatu, wote wakiitwa Heather. Mapema tu, bwaloni, kiongozi wao Heather Chandler anamwamuru Veronica, fundi wa kughushi miandiko, aandike barua ya mapenzi kana kwamba imetoka kwa mchezaji wa mpira. Barua inapenyezwa kwenye sinia la Martha, msichana mnene asiye na rafiki. Martha anaisoma, anainuka, anamfuata kijana mwenyewe. Kijana anaangua kicheko.

Mwandiko huohuo wa Veronica ndio unaoibeba hadithi. Chandler anapokufa kwa sumu aliyopewa kwa hila na J.D., mgeni wa shule aliyechezwa na Christian Slater, Veronica anaghushi waraka ili ionekane amejiua. Basi aliyeogopwa na kila mtu anageuka malaika. Baada ya vifo vingine, mwalimu anawakusanya wanafunzi washikane mikono mbele ya kamera za televisheni. Heather Duke, naye, anarithi kibanio chekundu cha nywele cha marehemu, pamoja na cheo. Wengi husema filamu hii inawachapa wasichana wenye maringo. Kwa macho yangu, fimbo kubwa inawaangukia watu wazima.

Waters alitaka shule ilipuke, kisha wote wakutane mbinguni kwenye dansi. Studio ya New World ikakataa katakata. Mashabiki hulalamika hadi leo, lakini mimi naipa studio haki: katika mwisho uliobaki, Veronica anamrudia Martha, yule aliyemuumiza kwa kalamu yake, na kumwalika watazame kanda pamoja.

Filamu ilitoka Machi 31, 1989, ikiwa imegharimu takriban dola milioni 3. Majumba ya sinema ya Marekani yakarudisha milioni 1.1 hivi, na New World yenyewe ilikuwa taabani kifedha. Kanda za video ndizo zilizoifufua. Mwaka 2004 Mark Waters, ndugu yake Daniel, akaongoza Mean Girls, iliyoeleza uhasama uleule bila maiti.

Tamthilia ya televisheni iliyotokana na Heathers ilipangwa kuanza Machi 2018. Februari mwaka huo wanafunzi na wafanyakazi 17 wakauawa kwa risasi katika shule moja ya Parkland, Florida. Tamthilia ikaahirishwa, na ilipoonyeshwa Oktoba, baadhi ya vipande vyake vilikuwa vimekatwa.