Kwinsi: tunda lenye jina la mji

Wasikilizaji, leo tunalitazama tunda la kwinsi na maana ya jina lake. Kwinsi ni ndugu wa tufaha na peasi. Likiiva huwa la manjano na hunukia vizuri, lakini nyama yake ni ngumu na ina ukakasi, hivyo kwa kawaida hupikwa. Likipikwa na sukari kwa muda mrefu hugeuka jekundu. Mbegu zitolewe, zisitafunwe, kwani zina kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi.

Wagiriki wa kale waliliita “tufaha la Kydonia”. Kydonia ulikuwa mji katika kisiwa cha Krete. Leo unaitwa Chania. Jina hilo lilipitia Kilatini na Kifaransa hadi Kiingereza, likibadilika njiani. Waarabu huliita safarjal.

Wareno nao huliita marmelo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya “tufaha la asali”. Rojo lake zito lililopikwa na sukari waliliita marmelada. Hapo ndipo lilipotoka jina mamaledi, ambayo leo tunaijua kama jamu ya machungwa. Tunda limebadilika, jina limebaki.