Waliobeba Viriba vya Madeira

Anayetunza stoo ya mvinyo Mombasa hujifunza mapema kuliogopa joto. Umeme ukikatika mwezi wa Februari na kiyoyozi kikazima mchana kutwa, mvinyo mwekundu huvimba ukasukuma kizibo, na mweupe hupoteza harufu yake yote. Nimemwaga chupa nyingi za namna hiyo. Chupa za Madeira sikuwahi kuzimwaga hata moja. Zilikaa rafu ya juu kabisa, karibu na mabati, na wala hapakuwa na haja ya kuzihamisha. Niliyoipenda kuliko zote ni Verdelho, mvinyo ulio mkavu kiasi: una utamu wa kutosha kulainisha ulimi, na ukali wa kutosha kuufukuza utamu huo usikae.

Madeira ni kisiwa cha Ureno kilichoko Atlantiki, magharibi ya Moroko. Mabaharia wa Kireno João Gonçalves Zarco na Tristão Vaz Teixeira walifika huko mwaka 1419, wakakuta msitu mtupu, bila mtu. Walikata na kuchoma miti, wakapanda ngano, miwa na mizabibu. Sukari ndiyo iliyotajirisha kisiwa kwanza. Ilipopata washindani kutoka Brazili, mvinyo ukashika nafasi yake.

Bahati ya mji wa Funchal kisiwani humo ilikuwa njia. Meli zilizotoka Ulaya kwenda Amerika, au kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea India, zilitia nanga hapo kupakia maji, vyakula na mvinyo. Nahodha James Cook alipita na meli yake Endeavour Septemba 1768. Ili mvinyo usiharibike njiani, wafanyabiashara wa karne ya 18 walizoea kuutia brandi kidogo. Mapipa yalikaa tumboni mwa meli miezi kadhaa, yakavuka ikweta kwenda na mengine yakaivuka tena kurudi. Ulaya ikagundua kwamba pipa lililorudi lilikuwa bora kuliko lile lililobaki nyumbani. Wareno waliuita mvinyo huo vinho da roda, yaani ule uliokwenda ukazunguka, nao ukauzwa kwa bei ya juu.

Amerika ndiyo iliyoupenda kupita kiasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1663 ililazimisha bidhaa za Ulaya zipitie kwanza bandari za Kiingereza kabla ya kufika makoloni, lakini mvinyo wa Madeira ukasamehewa. Juni 1768 maofisa wa forodha wa Boston waliikamata meli ya mfanyabiashara John Hancock iitwayo Liberty, wakidai kwamba sehemu ya shehena yake ya Madeira ilishushwa usiku bila kulipiwa ushuru. Mji ukafanya ghasia. Hancock huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kutia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani.

Habari hizi za manahodha na matajiri zimeandikwa sana, na mfanyabiashara wa Kiskoti Francis Newton, aliyeanza biashara yake Funchal mwaka 1745, ana kurasa zake nyingi. Mimi naona sifa za mvinyo huu zianzie juu zaidi, mlimani.

Madeira ni mlima uliosimama baharini. Kilele chake, Pico Ruivo, kina mita 1,862, na miteremko yake inashuka moja kwa moja majini. Mvua hunyesha zaidi upande wa kaskazini, ilhali mashamba mengi yako kusini. Ndiyo maana ilichimbwa mifereji iitwayo levada, ambayo leo urefu wake wote unazidi kilomita 2,000. Ile ya zamani ilichongwa na watumwa, waliotekwa visiwa vya Kanari na pwani ya Afrika, na wafungwa pamoja nao, katika majabali ambayo hata mbuzi hapandi. Kisha yakajengwa matuta ya mawe, moja juu ya jingine, mengine yakiwa na upana wa kutosha safu chache tu za mizabibu.

Matuta hayo yalitawaliwa na mkataba ulioitwa colonia. Ardhi ilikuwa ya bwana mkubwa. Ukuta wa mawe, mzabibu na kibanda vilikuwa vya mkulima aliyevijenga na kuupanda. Mavuno yakigawanywa, kwa kawaida nusu ilikwenda kwa bwana. Mkulima hakuweza kufukuzwa bila kulipwa fidia ya ukuta wake, na wala hakuweza kumiliki udongo ulioshikwa na ukuta huo. Utaratibu huo ulifutwa kisheria mwaka 1977, wakati watu wengi waliolima chini yake wakiwa bado hai.

Baada ya mavuno zabibu zilikanyagwa kwa miguu hukohuko kijijini, na juisi ikabidi ifike Funchal. Barabara hazikuwapo. Kazi hiyo ilikuwa ya borracheiro, mtu wa kubeba kiriba. Ngozi nzima ya mbuzi, imefungwa miguu na shingo, ilijazwa lita 40 hadi 50 na kulazwa mabegani. Juisi ilitikisika ndani kila hatua, ikimvuta mbebaji upande wa bondeni. Walitembea kwa safu, fimbo mkononi, wakiimba wapate kwenda mwendo mmoja. Sisi tuliosimuliwa habari za wapagazi wa njia ya Tabora hadi Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa wimbo wa namna hiyo ulikuwa na kazi gani.

Mjini juisi ilichachuka katika mapipa. Kwa Verdelho, mchachuko hukatishwa kwa kutiwa spiriti ya zabibu wakati sehemu kubwa ya sukari imekwisha kugeuka kileo lakini si yote. Hapo ndipo ukavu wake wa kiasi unapotoka. Kileo chake huwa asilimia 19 hivi. Mwishoni mwa karne ya 18 watu walianza kuupasha moto nchi kavu badala ya kuutembeza baharini. Mvinyo wa bei rahisi hutiwa matangi ya joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa angalau miezi mitatu. Ulio bora huwekwa katika mapipa juu ya boriti kwenye dari za maghala, chini ya paa linalochomwa na jua, ukaiva polepole kwa miaka.

Mimina kidogo katika glasi ndogo. Rangi ni ya dhahabu iliyofifia kuelekea kahawia, na pembeni ina ukijani hafifu. Pua hupata ganda la chungwa lililokauka, korosho za kukaanga na moshi kwa mbali. Mdomoni huanza na asali, kisha unakuja ukali safi kama wa ukwaju unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi, na ladha hukaa muda mrefu baada ya kumeza.

Tulikaribia kuukosa. Ukungu wa mizabibu uliingia kisiwani mwaka 1851, na mwaka 1872 ukafuata mdudu filoksera aliyekula mizizi. Wakulima wengi waling'oa mizabibu wakapanda miwa na migomba, wengine wakahamia mbali, hadi Guyana na Hawaii. Mizabibu iliokolewa kwa kupandikizwa kwenye mashina ya Kiamerika, lakini Verdelho, ambayo awali ilienea kuliko nyingine, haikurudi kwa wingi ule. Tinta Negra, yenye mazao mengi, ndiyo iliyotawala, na kwa miaka mingi chupa zilibeba majina ya zabibu ambazo hazikuwamo. Tangu 1993 chupa inayoandikwa Verdelho lazima iwe na asilimia 85 ya zabibu hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuufahamu asome lebo vizuri: maneno meio seco peke yake humaanisha tu kwamba ni mkavu kiasi, na mara nyingi hiyo ni Tinta Negra. Verdelho yenyewe hunywewa ikiwa baridi kidogo, kabla ya chakula, pamoja na korosho au samaki wa kukaanga, na chupa ikishafunguliwa hukaa miezi bila kuharibika, hata Mombasa.