Picha ikirukaruka, tazama kitanzi

Una projekta ya zamani ya milimita 16 na picha inatetemeka ukutani? Usikimbilie kulaumu mota. Ukucha mdogo huvuta mkanda kwa matundu yake, picha moja, unasimama, unavuta tena: mara 16 kwa sekunde kwa filamu bubu. Magurudumu ya meno, yenyewe, hayasimami. Tofauti hiyo inamezwa na vitanzi viwili vya mkanda, juu na chini ya dirisha la taa. Cha chini kikipotea, picha inaruka na matundu yanachanika. Zima, kirudishe, futa vumbi dirishani.

Tundu kuchanika si jambo dogo. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri karibu na Korogwe, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha vijijini kwa lori. Sauti yake ilikuwa kwenye santuri, si kwenye mkanda. Sasa fikiria: ukikata kipande kilichoharibika na kuunga, kuanzia hapo picha inaitangulia sauti!

Juzi nimeletewa mkanda kutoka Mgeta, juu huku Uluguru. Kopo lilipofunguka tu, harufu ya siki. Asetati ikila unyevu miaka mingi huoza na kusinyaa. Matundu yanasogeleana, ukucha unakosa pa kushika. Hapo kitanzi hakisaidii kitu. Ndani yake, naambiwa, kuna harusi ya babu. Sijauwasha. Nautafutia skana isiyotumia ukucha.