Mtetemo: mjumbe kati ya molekuli na atomu

Taarifa za kwanta ni zile zinazohifadhiwa katika hali ya chembe ndogo kabisa, kama vile atomu na molekuli. Taarifa hizo hazinakiliki kama maandishi, na kuzisoma huzibadili. Zitahamishwaje, basi, bila kuharibika?

Jibu mojawapo lilitolewa mwaka 1995 na wanafizikia Ignacio Cirac na Peter Zoller. Ioni, yaani atomu au molekuli zenye chaji ya umeme, zikinaswa pamoja ndani ya ombwe, husukumana; ikitikisika moja, zote hutikisika. Mwali wa leza huihamishia hali ya ioni ya kwanza kwenye mtetemo huo wa pamoja, na mwali mwingine huifikisha kwa ioni ya pili. Mwaka 2003 watafiti wa Innsbruck, Austria, walilithibitisha wazo hilo kwa ioni mbili za kalsiamu.

Molekuli ni ngumu zaidi kuitawala, kwani huzunguka na kutetema kwa namna nyingi. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walitumia mtetemo wa pamoja kufungamanisha hali ya molekuli ya kalsiamu na haidrojeni na ile ya atomu jirani.

Kikwazo kikubwa ni joto: ioni hupozwa kwanza hadi zikaribie kutulia, la sivyo ujumbe hupotea njiani.

Kwa kuwa molekuli huzunguka kwa masafa mengi tofauti, huenda siku moja zikaunganisha mitambo ya kwanta ambayo leo haiwezi kuwasiliana.