Kuhimili au Kujirekebisha: Istilahi Moja Mbele ya Mafuriko ya Kyela

Kwenye hotuba za mazingira hakuna neno linalotamkwa mara nyingi kama "kukabiliana". Tunakabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa kupanda miti, kwa majiko banifu, kwa kuchimba mifereji, kwa kubadili mbegu. Mkakati wa Taifa wa Tanzania kuhusu tabianchi, wa mwaka 2021 hadi 2026, nao unatumia neno hilohilo katika jina lake, na si kosa, kwa sababu umebeba kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Ya pili ndiyo ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "adaptation", na hiyo ndiyo iliyokosa jina linaloitosha.

Jopo la Umoja wa Mataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) linaieleza kazi hiyo ya pili kuwa ni mchakato wa kurekebisha mambo yetu kulingana na tabianchi iliyopo au inayotarajiwa, ili kupunguza madhara au kunufaika na nafasi zinazojitokeza. Maelezo haya yapimwe Kyela, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Kyela ni nchi ya maji. Wilaya hii ya Mkoa wa Mbeya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi huanguka kati ya Machi na Mei. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani, kisha hukuta ardhi bapa isiyo na mteremko wa kuyafikisha maji ziwani upesi, ikafurika. Upande wa magharibi upo Songwe, mpaka wetu na Malawi, wenye tabia yake: mafuriko makubwa yakija huacha mkondo wa zamani na kukata mwingine, hata shamba lililokuwa Tanzania likabaki ng'ambo ya mto. Mafuriko, basi, si mgeni Kyela. Jambo jipya ni kwamba hewa inazidi kupata joto, na kila nyuzi moja ya ziada huiwezesha kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa mkupuo.

Wataalamu wetu wengi huiita kazi hii ya pili "kuhimili". Ni neno zuri, lakini tutazame ukoo wake. Himila ni mzigo. Hamali ni mbebaji wa mizigo. Mhimili ni nguzo inayobeba nyumba. Anayehimili amesimama palepale, mzigo umeongezwa, naye hajaanguka. Tena "ustahimilivu", jina tulilolipa uwezo wa jamii kupigwa na janga kisha ikainuka, limetoka katika shina hilohilo. Dhana mbili tofauti zimewekwa kwenye kapu moja, na mwananchi anabaki akisikia jambo moja tu: vumilia.

Mkulima wa mpunga hafanyi hivyo. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba na unyevu, na hapo panafaa mahindi, maharage au mboga kabla ardhi haijakauka. Hiyo ndiyo "nafasi" inayotajwa na Jopo, na ndiyo sababu watu hawahami bondeni hata wakiambiwa ni hatari. Kwenye mbegu kuna uamuzi mgumu zaidi. SARO 5, iliyotolewa na watafiti wetu, huzaa sana na hukomaa mapema kuliko mbegu nyingi za kienyeji, kwa hiyo inafaa msimu unapochelewa kuanza. Lakini mchele wa Kyela hununuliwa kwa harufu yake, na kwa harufu mbegu za kienyeji ndizo zinazoshinda. Tena mpunga mfupi kama SARO 5 huzamishwa mapema majaruba yakijaa, wakati ule mrefu wa kienyeji bado umeinua kichwa juu ya maji. Mkulima anayegawa shamba lake, huku mbegu hii na kule ile, na pembeni akaacha miche ya kakao kivulini mwa migomba, hajabeba mzigo tu. Amepanga maisha yake upya.

Ndiyo maana napendekeza "kujirekebisha", na kwa jina, "urekebishaji wa maisha kwa tabianchi" pale maandishi rasmi yanapotaka urefu. Neno hili lina faida nyingine: linakubali kwamba marekebisho yanaweza kukosewa. Ukijenga tuta upande mmoja wa Songwe peke yake, maji yatasukumwa kwa jirani wa upande wa pili, Karonga, kwa Wangonde ambao ni ndugu wa Wanyakyusa wa Kyela kwa lugha na asili. Huwezi kusema mtu amehimili vibaya, lakini unaweza kusema amejirekebisha vibaya. Kwa sababu hiyohiyo naona busara katika uamuzi wa Tanzania na Malawi kutia saini mwaka 2017 mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, yenye mipango ya mabwawa ya kudhibiti mafuriko, kumwagilia na kuzalisha umeme, na ya kuutuliza mkondo wa mto wenyewe.

Tofauti ya maneno haya inagusa fedha. Mkulima wa nusu ekari Kyela hajachangia gesi za kutajika, lakini mradi wenye jina la "kukabiliana" unaweza kumfikia ukiwa na miche ya miti pekee, ilhali alihitaji mfereji uliozibuliwa, daraja lisilosombwa na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inayofika kabla ya maji. Kwa hiyo viongozi wa vijiji na waandishi wa miradi, tuandike "kupunguza" tunapomaanisha kupunguza gesi na "kujirekebisha" tunapomaanisha kujirekebisha. Na wewe uliyeko mkutanoni, ukisikia "kukabiliana", nyoosha mkono uulize ni lipi kati ya hayo mawili, na ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kila moja.