Mafundisho ya Dini Shuleni: Lengo Lake Tangu Mwanzo

Katika historia ya sharika zetu za Kilimanjaro, kanisa na shule vilikua pamoja. Wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893 hawakutenga kazi ya kuhubiri na kazi ya kufundisha kusoma. Asili yake ni ya kale: mwaka 1524 Martin Luther aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo ili wazazi wawafundishe watoto nyumbani.

Hivyo lengo la kwanza lilikuwa wazi, yaani kumwongoza mtoto hadi ubatizo na kipaimara. Mara nyingi mwalimu wa siku za juma ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa Jumapili.

Chini ya Waingereza lengo lilipanuka. Waraka wa sera ya elimu wa mwaka 1925 ulitaka dini na maadili vipewe hadhi sawa na masomo mengine. Hapo dini ilithaminiwa pia kama msingi wa tabia njema ya raia.

Badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilipotwaa shule za mashirika. Wazee waliobeba mawe na mbao kuzijenga waliumia moyoni. Hata hivyo, palikuwa na haki katika jambo hilo, kwa kuwa mtoto asiye Mkristo hakupaswa kuuza imani ya wazazi wake ili apate elimu. Vipindi vya dini vilibaki katika ratiba, na madhehebu yakapewa wajibu wa kuwafundisha watoto wao.

Tangu hapo shule si mahali pa kuvuna waumini. Lengo linalofaa shule ya wote ni mtoto aijue imani yake kwa ufahamu, aiheshimu ya jirani yake, na awe na dhamiri inayopambanua haki na dhuluma. Maandalizi ya kipaimara ni kazi ya usharika na ya nyumbani, kama Luther alivyokusudia.

Lakini uhuru huo una deni. Kipindi kisicho na mwalimu nacho hufundisha: humwambia mtoto kwamba dini ni jambo la ziada. Waliotutangulia walitoa mawe na mbao. Kizazi hiki kinadaiwa walimu walioandaliwa vema, wanaofika darasani kwa wakati.